Mkaa, Koki, Umeme: Ushuhuda wa Fundi wa Tanuru

Nimekifanyia chuma kazi kwa moto wa aina tatu. Ujanani, huko Ufipa, nilivukuta mivukuto ya mhunzi juu ya mkaa wa miti. Nikaja Dar es Salaam, nikaajiriwa kwenye kiwanda cha kusubu chuma, nikafundishwa tanuru la koki. Na sasa, nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, nasimamia tanuru lisilo na moto wa kuonekana, linalokula umeme.

Naandika haya kwa sababu habari za chuma husimuliwa kwa upande mmoja. Tunasimuliwa reli, madaraja na nondo za maghorofa, na ni wachache wanaouliza chuma hicho kilipikwa kwa kuni gani. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi macho yangu yalikuwa kwenye mdomo wa tanuru, kuangalia kinachotoka. Kazi ndiyo iliyonifundisha kuangalia kwanza kinachoingia: kimetoka wapi, kimemgharimu nani, na kikikosekana tutashika wapi. Badiliko hilo ndilo ninaloshuhudia.

Ukipita nyanda za juu za Ufipa, kutoka Sumbawanga kuelekea Nkasi, bado utayakuta malungu yamesimama porini. Ilungu ni tanuru la udongo, refu kumpita mtu, mengine yanafika mita 3, pana kitakoni na linazidi kusinyaa kadiri linavyopanda. Chini limezungukwa na matundu ya kuingizia hewa. Halikuvukutwa. Urefu wake ndio uliovuta hewa: joto linapanda, hewa mpya inaingia yenyewe kwa chini, na moto ukishashika unaendelea usiku na mchana bila mkono wa mtu kwenye mvukuto. Nikilitazama leo kwa jicho la fundi, navua kofia. Wazee wale waliitua mikono yao mzigo mzito na kuukabidhi ukuta.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mtoto wa kutumwa mizigo walipoyeyusha kwa mara za mwisho kijijini kwao, utawala wa Mwingereza ukiwa bado mchanga. Nilimwuliza sana habari za tanuru lile. Nilitaka kusikia dawa na miiko, maana inajulikana kwamba ilungu lilipambwa kama bibi harusi, na waliolihudumia walikaa mbali na wake zao mpaka kazi iishe. Hayo aliyasimulia, lakini haraka haraka. Alichokirudia kila mara ni mkaa.

“Mjukuu wangu,” aliniambia, “mawe tuliyachimba siku chache tu. Mkaa ndio uliotumaliza.”

Kukata miti migumu, kuipanga na kuifukia, kulinda isije ikawaka badala ya kuungua taratibu, kuifukua, kuijaza matengani na kuibeba kichwani hadi tanuruni: hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kuyeyusha chuma. Na kilichotoka ilunguni hakikuwa chuma safi bado. Lilikuwa bonge lililochanganyika na mavi ya chuma, likapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, ambalo hilo sasa lilivukutwa kwa mkaa mwingine tena, ndipo likafika kwenye fuawe na kufuliwa jembe. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu aliyechimba maeneo hayo, ameandika kitabu kizima juu ya kazi ya chuma ya Wafipa. Namshukuru, maana wasimulizi wenyewe wamekwisha.

Wengi hudhani kazi hiyo ilikufa kwa sababu chuma kutoka Ulaya kilikuwa bora. Babu hakukubali. Alisema jembe la dukani lilikuwa jepesi na liliisha upesi, ila bei yake ndiyo iliyokuwa haishindiki. Ilinichukua muda mrefu kuelewa maana ya bei ile. Jembe la dukani lilikuwa limepikwa kwa makaa ya mawe, kwenye tanuru kubwa lililopulizwa na mashine ya mvuke, likasafirishwa kwa meli zilizokula makaa yale yale. Jembe la babu lilibeba ndani yake kiangazi kizima cha watu kukata miti. Kwa hiyo pale kwenye meza ya duka hayakukutana majembe mawili. Yalikutana makaa ya mawe na mkaa wa miti, na mkaa wa miti ukashindwa.

Wahunzi walibaki, lakini sasa walifua vyuma chakavu. Mimi nilijifunza kwa mmoja wao: springi za lori zinakuwa mapanga, vyuma vya mabehewa vinakuwa mashoka. Mvukuto ulikuwa wa ngozi ya mbuzi, na kazi yangu ilikuwa kuupa pumzi ya sawasawa. Ukipuliza kwa pupa mkaa unaisha na chuma hakijapata moto; ukilegea, chuma kinapoa kabla nyundo haijamaliza. Hapo ndipo nilipoanza kuujua mkaa kwa mkono.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Buhaya. Katika miaka ya 1970, Peter Schmidt, mwanaakiolojia, na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa metali, waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuru kama walivyofanya baba zao. Uchimbaji kando ya Ziwa Viktoria ulikuwa umeonyesha kwamba chuma kilikuwa kikiyeyushwa huko karibu miaka 2,000 iliyopita. Wazee wakajenga, wakachoma matete ya kinamasini shimoni yawe kitanda cha kaboni, wakavukuta. Mirija ya udongo ya kupitishia hewa waliisukuma ndani kabisa ya tanuru, si pembeni tu. Schmidt na Avery waliandika mwaka 1978 kwamba kwa mpangilio ule hewa ilipata joto ndani ya mirija kabla ya kukutana na mkaa. Wataalamu wengine walibisha juu ya kiasi cha joto hilo, na ubishi wao ni wa haki. Lakini mimi niliyekaa kwenye mvukuto najua hewa baridi inavyoua moto, na sishangai kwamba mtu aliyechoshwa na kukata miti angetafuta njia ya kuipasha.

Ulaya nao waliifikia njia hiyo. Mwaka 1828, huko Scotland, James Beaumont Neilson alisajili hataza ya kupasha hewa joto kabla haijapulizwa tanuruni. Kwenye kiwanda cha Clyde, tani moja ya chuma ilikuwa ikimeza takriban tani 8 za makaa ya mawe. Kufikia 1833 zilitosha tani 2 na kidogo. Kupasha hewa kulichoma makaa kidogo pembeni. Lakini kuliokoa mengi zaidi tanuruni.

Sasa nije kwenye koki.

Nilifika Dar es Salaam nikiwa na barua ya mjomba na nyundo mbili. Kiwanda kilichonipokea kilisubu breki za mabehewa ya treni, mifuniko ya mashimo ya maji taka, magurudumu ya mashine za kukoboa. Tanuru lake tuliliita kupola: bomba la bati nene lililosimama kimo cha ghorofa mbili, ndani limejengewa matofali ya moto, chini lina tundu la kutolea chuma na juu yake kidogo tundu la kutolea mavi. Alfajiri tuliwasha kuni kitakoni, tukamwaga koki juu ya kuni mpaka kitanda kikaiva chekundu. Kisha tunapanda ngazi kupakia kwa zamu: chuma, koki, mawe ya chokaa, chuma, koki, mawe ya chokaa. Mzee msimamizi alisimama kwenye kidirisha kidogo cha kioo, kimo cha macho yake, akisubiri. Matone ya kwanza yakipita mbele ya kioo anainua mkono, na hapo kila mtu anajua nafasi yake. Kizibo cha udongo kinavunjwa kwa nondo ndefu, chuma kinatoka. Kikiwa na joto lake hung'aa kwa weupe na kukimbia mchirizini hadi kwenye ndoo ya kumiminia. Kikiwa baridi kinakuja chekundu, kinajiburura, na kinaganda kabla hakijajaza kona za kalibu.

Siku moja mzee yule aliniwekea mkononi kipande cha koki na kipande cha mkaa. “Vunja,” akasema. Mkaa ulipasuka kwa vidole. Koki niliipiga nyundo ndipo ikakubali, nayo ilivunjika kwa ncha kali, ya kijivu, imejaa vitundu vidogo vidogo. Koki ni makaa ya mawe yaliyopikwa kwenye chumba kisicho na hewa mpaka yakatoa gesi zake, lami yake na sehemu ya salfa yake, ikabaki kaboni ngumu. “Kijana,” aliniambia, “mkaa una moto wa kutosha. Ila hauwezi kubebeshwa mzigo.” Kwenye kupola, tani nyingi za chuma hulala juu ya kuni. Kuni ikipondeka, vumbi linaziba njia za hewa na tanuru linakufa likiwa limeshiba.

Maneno yale yalinieleza historia ya Uingereza kuliko kitabu. Watu wanasimulia kwamba mwaka 1709 Abraham Darby, huko Coalbrookdale kando ya mto Severn, alianza kuyeyusha chuma kwa koki, na basi dunia ikabadilika. Haikubadilika upesi hivyo. Mkaa wa miti ulikuwa umepanda bei, maana misitu ilikatwa na kuoteshwa kwa zamu na haikuweza kutoa zaidi ya kiwango chake, hata Uingereza ikawa inanunua sehemu kubwa ya chuma chake Sweden na Urusi, nchi zenye misitu. Makaa ya mawe yalikuwepo tele, lakini salfa yake huingia kwenye chuma na kukifanya kivunjike. Darby alikuwa amefunzwa ufundi na mtengenezaji wa vinu vya kimea, na watengeneza bia wa huko walikwisha zoea kukaushia kimea kwa koki ili moshi usiharibu ladha. Alichukua jambo lililojulikana kwenye kazi moja akalipeleka kwenye nyingine. Koki ikamfaa kwa sababu alikuwa akisubu vyungu. Waliofua chuma kwa nyundo waliendelea na mkaa kwa miongo mingi zaidi, kwa kuwa chuma cha koki hakikuwafaa bado. Ni mwaka 1784 tu Henry Cort alipopata hataza ya kukorogea chuma kwenye tanuru ambalo makaa yanawaka chumba cha pembeni, ndipo wafuaji nao wakaachana na mti.

Kisha ule ugumu wa koki ukaonyesha faida yake. Kwa kuwa haipondeki, tanuru likaweza kurefuka. Tanuru refu likataka pumzi kubwa, na gurudumu la maji mtoni halikuitoa, hasa kiangazi. Ikaja mashine ya mvuke kupuliza, nayo ikala makaa, na makaa yakachimbwa kwa pampu na reli za chuma kile kile. Henry Bessemer alipotangaza mwaka 1856 kwamba anapuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka na kaboni iliyomo inawaka na kukipa joto bila kuongeza kuni yoyote, milima ya koki ilikwisha kuwa tayari kumlisha. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ililazwa kwa chuma cha enzi hiyo.

Nayajua haya kwa mwili, kwa sababu niliona mlolongo huo ukirudi nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikosa fedha za kigeni. Koki yetu ilitoka ng'ambo, kwa meli. Rundo lililokuwa uani likapungua mpaka tukafagia vumbi. Uongozi ukaamua tujaribu mkaa wa miti kutoka wilaya za Pwani, magunia kwa magunia, mkaa ule ule uliokuwa ukingojewa na mama wa Tandale na Manzese kwa ajili ya chungu cha jioni. Tukapakia kama kawaida. Mzee alisimama kwenye kidirisha. Kwa muda tanuru lilionekana linapumua, kisha sauti ya feni ikabadilika ikawa nzito, na sote tulioizoea tukajua kwamba hewa haipiti. Chuma kilitoka kidogo, chekundu, na kalibu nyingi za siku ile zilibaki na kona tupu. Tulipofungua kitako jioni tulikuta mavumbi meusi yaliyogandamana na chuma kilichoyeyuka nusu. Tulikitoa kwa patasi na nyundo usiku kucha.

Si kwamba mkaa hauwezi. Huko Minas Gerais, Brazil, hadi leo wanayeyusha chuma kwa mkaa wa mikalitusi, kwa matanuru yaliyojengwa kwa kimo cha mkaa na mashamba ya miti yaliyopandwa kwa kazi hiyo. Kosa letu lilikuwa kuupa mkaa mzigo wa koki. Kila kuni ina tanuru lake, na huwezi kubadili moja ukaacha jingine.

Sitaki kuisifu koki bila kusema ilichotufanyia. Wapakiaji waliosimama juu ya mdomo wa kupola walivuta hewa ambayo mtu haioni wala hainusi, ile inayolegeza magoti na kuleta usingizi. Tulikuwa na kawaida ya kupokezana kule juu kwa muda mfupi na mmoja kubaki ngazini akiwaangalia wenzake, na kawaida hiyo iliokoa watu. Kifua kilichojaa vumbi hakikuwa na kawaida ya kukiokoa. Rafiki yangu wa karibu, tuliyepanga naye chumba kimoja Keko, alikohoa miaka mingi na akafa akikohoa. Nguo za jirani zilizoanikwa upande wa upepo zilichuja masizi yetu kila siku ya kumimina, na akina mama waliozifua hawakulipwa sabuni na mtu.

Kiwanda kile kikaja kuuzwa, kikafungwa. Nikapata kazi kwenye kiwanda cha nondo kilichokuwa kinafunga matanuru ya umeme. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya tanuru nikitafuta kidirisha, nikitafuta feni, nikitafuta ngazi ya wapakiaji. Hakuna. Kuna chungu kikubwa cha udongo wa moto, kimezungushiwa bomba la shaba, na ndani ya bomba hilo maji ya kupozea yanapita bila kukoma. Umeme unapita kwenye shaba ukigeuka mwelekeo mamia ya mara kwa sekunde, na nguvu yake ya sumaku inaamsha umeme mwingine ndani ya chuma chakavu kilichomo chunguni. Chuma kinajipasha chenyewe kwa ndani. Hakuna kuni iliyogusana nacho. Kinayeyuka, kinajikoroga, na kinavuma.

Fundi kutoka India aliyekuja kutufundisha alikuwa mtu wa maneno machache, na la kwanza alilotufundisha ni kusoma mita. Kuyeyusha tani moja ya chuma chakavu kwa tanuru la aina hii hula takriban uniti 500 hadi 700. Ukipakia vibaya, ukiacha mfuniko wazi, ukingoja kreni bila sababu, uniti zinapanda na chuma hakijaongezeka. Nikamwona mhunzi wangu wa Ufipa akinigombeza juu ya pumzi ya mvukuto. Ndiyo maana nami kijana akiletwa kwangu leo, nampeleka kwanza kwenye chumba cha mita, akae humo, aandike, kabla hajaruhusiwa kusogea chunguni. Wengine hukasirika kwa sababu wamekuja kuona chuma kinachochemka. Baadaye wanaelewa.

Mwaka 2006 ukame ulipopiga na mgao wa umeme ukaingia, nilijifunza jambo jipya juu ya tanuru hili. Kupola ikiishiwa koki inapoa taratibu na unaweza kuifungua chini. Tanuru la umeme, umeme ukikatika likiwa limejaa, linaanza kukuganda machoni. Usiku mmoja ulikatika tukiwa na chungu kizima kimeiva. Pampu ya dharura iliendelea kupitisha maji kwenye shaba, la sivyo bomba lingeyeyuka na maji yakutane na chuma, na hilo ni janga la kuua. Tulikimbilia kukiinamisha chungu kwa pampu ya mkono ili tumimine popote, kwenye mchanga, kwenye kalibu tupu, chini. Kilitoka zaidi ya nusu. Kilichobaki kiliganda kikawa mwamba ndani ya chungu, na tukakivunja siku nyingi.

Tangu hapo nikawa mtu wa kusikiliza redio kujua kina cha maji cha bwawa la Mtera. Mfua chuma wa Dar es Salaam anangoja mvua za Iringa na Dodoma! Kwa maana tanuru langu lilikuwa linakunywa Mtera, Kidatu na Kihansi, na tangu 2004 likala pia gesi ya Songo Songo iliyokuwa inachomwa kwenye mitambo ya Ubungo. Moshi haukuwa umekwisha, ulikuwa umehamia kwingine. Leo tumeongezewa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, na mgao wa namna ile umepungua. Nafurahi. Lakini Rufiji nako ni mvua.

Kuna jambo linaniuma, na sitaliacha. Nilipohamia kwenye tanuru la umeme, wapakiaji wa kupola hawakuhitajika tena. Sumaku ya kreni ilichukua nafasi yao. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilijua kusoma rangi ya chuma. Wao walijua kupanga koki, na ujuzi huo ulikuwa umekosa bei kwa mara moja, kama ule wa wazee wa malungu. Hakuna aliyewaita mapema akawaambia tanuru gani linakuja na wajifunze nini. Nilipofuatilia habari za Port Talbot, huko Wales, ambako tanuru la mwisho la koki lilizimwa tarehe 30 Septemba 2024 ili pajengwe tanuru la umeme, niliwaona wenzangu wale wale. Chuma cha umeme kutoka kwenye vyuma chakavu kina hewa chafu kidogo sana, wakati tani moja ya chuma cha koki humwaga karibu tani 2 za kaboni dayoksaidi. Badiliko lile lilihitajika. Lakini tanuru la koki lilizimwa kabla la umeme halijasimama, na watu zaidi ya 2,000 walirudi nyumbani katikati ya hapo.

Tanuru langu nalo lina mpaka wake. Linayeyusha chuma kilichokwisha kuwa chuma. Mawe ya chuma, yenye oksijeni iliyoshikamana nayo, hayawezi kuwa chuma kwa joto peke yake. Lazima pawe na kitu cha kuinyakua ile oksijeni, na kwa miaka yote niliyoisimulia hapa kitu hicho kimekuwa kaboni: ya mti, kisha ya makaa ya mawe. Nchi inayotaka chuma kipya, si chakavu tu, itarudi kwenye swali la kuni. Sisi tunayo mawe ya chuma ya Liganga, wilayani Ludewa, na makaa ya Mchuchuma jirani yake, na tumeimba majina hayo mawili kwa pamoja tangu nilipokuwa kijana. Mpango wa miaka ya karibuni ulikuwa kuchoma makaa ya Mchuchuma kuzalisha umeme wa megawati 600 na kuyeyushia mawe ya Liganga.

Mimi naomba tufikiri tena. Mawe ya Liganga yana titani ndani yake, na fundi yeyote wa tanuru la koki atakwambia titani hufanya mavi ya chuma yawe mazito na kugoma kutoka. Yapo matanuru mengine. Tangu 1957, huko Monterrey, Mexico, chuma kinatengenezwa kwa gesi asilia: gesi inageuzwa kuwa hidrojeni na monoksaidi ya kaboni, inapitishwa kwenye mawe yaliyopashwa moto, inachukua oksijeni, na mawe yanabaki chuma bila kuyeyuka, tayari kwa tanuru la umeme. Libya wanafanya hivyo Misrata. Nigeria ilijenga njia zote mbili: Aladja, ya gesi, ikatoa chuma kuanzia miaka ya 1980, Ajaokuta, ya koki, tanuru lake kubwa halijawahi kutoa chuma. Mwaka 2021, Luleå, Sweden, walitoa chuma chao cha kwanza kwa hidrojeni tupu, na kinachotoka kwenye bomba la moshi ni mvuke wa maji. Aliyeanza na gesi anaweza kuongeza hidrojeni kidogo kidogo kwenye tanuru hilo hilo. Aliyeanza na koki atalazimika kubomoa.

Sisi gesi tunayo, Songo Songo na Mtwara. Najua jibu nitakalopewa: gesi iko pwani na Liganga iko milimani. Ni kweli. Lakini tangu lini kuni ikafuata mawe? Babu zangu walipeleka mawe palipokuwa na miti. Waingereza walipeleka mawe palipokuwa na makaa. Reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya Liganga na Mchuchuma, imo kwenye mipango ya nchi kwa miaka. Ikijengwa, mawe yashushwe kwa reli hiyo hadi Mtwara, tanuru lijengwe huko kwenye gesi, na vijana wa Ludewa na Mtwara waanze kufundishwa kuliendesha siku ile ile msingi wake unapochimbwa. Mafundi wa kuwafundisha tupo, na wengi wetu bado tuna nguvu za kusimama.